Mgeni na Nyumba Isiyokwisha



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wazee na vijana, juu ya jambo ambalo huenda likampata kila mwenye nyumba: nalo ni kupokea jamaa na marafiki wakati nyumba ingali mikononi mwa mafundi. Wengi wetu tumezoea kusema, "Ngojeni kwanza nyumba ishe, ndipo mje." Maneno haya yana sura ya adabu, maana msemaji ataka kumweka mgeni wake mahali pazuri. Lakini sisi tumeshuhudia jinsi maneno haya yalivyomcheleweshea mama haki yake mpaka ikakaribia kumpita, na hayo ndiyo yaliyotutia kushika kalamu.

Tunaye mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, ambaye kazi ilimpeleka Omani miaka mingi iliyopita. Huko alioa binti wa Sur, mji wa bandari ulioko pwani ya mashariki ya nchi ile, kiasi cha kilomita 200 kutoka Maskati kwa njia ya gari. Watu wa Sur ni mabaharia na waundaji wa majahazi tangu zamani, na hata leo laonekana huko jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa mjini humo mwaka 1951, limewekwa nchi kavu liwe ukumbusho. Katika zama za matanga, majahazi ya Sur yalikuwa yakija pwani yetu kwa pepo za kaskazi, yamepakia tende, chumvi na samaki wakavu, na kurudi kwao kwa kusi yamesheheni boriti za mikoko ya Lamu na ya Rufiji. Kwao miti ya kujengea ni adimu, na boriti zetu ndizo zilizobeba dari za nyumba nyingi za pwani ile. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zao za zamani ni vyembamba kama vya Lamu, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, nao mara nyingi haufiki mita 3.

Nyumba tunayoisimulia ni urithi wa mke wa mpwa wetu kutoka kwa babu yake, aliyekuwa baharia. Ni nyumba ya mawe na chokaa, ina ua katikati na orofa moja juu. Ilikuwa imekaa tupu miaka mingi. Tufani ya Gonu ilipoipiga pwani ile mwezi wa Juni 2007, mvua ilipenya sakafu ya juu, na tangu hapo maji hayakuacha kuingia. Mpwa wetu na mkewe walikuwa wakikaa nyumba ya kupanga. Wakashauriana, wakaona heri waitengeneze nyumba yao kidogo kidogo, wakahamia upande mmoja uliosalimika, pamoja na watoto wao watatu.

Wasomaji waliopata kutengeneza nyumba kongwe wanajua kwamba kazi hii haikubali haraka. Fundi wa kwanza aliwapigia lipu ya saruji juu ya kuta za mawe na chokaa. Saruji huziba, unyevu na chumvi iliyomo ukutani vikakosa pa kutokea, na haukupita mwaka lipu ikatoka vipande vipande pamoja na nyuso za mawe. Ikabidi ibanduliwe yote, ipigwe ya chokaa. Nayo chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ingoje iliyo chini yake ishike, tena inyunyiziwe maji isije ikakauka kwa ghafula ikapasuka. Katika boriti nako kulikuwa na mashaka. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nchi za nje mwaka 1982, basi mpwa wetu hakuweza kuagiza mpya kutoka kwao. Zile kuukuu zikateremshwa moja moja, zikagongwa na kusikilizwa mlio wake. Zilizo nzima zikarudishwa juu, na mahali pa zilizooza zikatiwa mbao za kununua. Kwa hivyo mwaka mmoja ukawa miwili, na miwili ikawa mitatu.

Katika miaka hiyo yote mama yake, dada yetu, alikuwa Mombasa akingoja. Wajukuu wake wawili wadogo alikuwa hajapata kuwaona ila katika picha za simu. Kila baada ya Idi aliuliza, "Nije lini, mwanangu?" Idi ya kwanza akajibiwa, "Bado kidogo, mama, dari haijafungwa." Idi ya pili akajibiwa, "Bado kidogo, mama, lipu haijakauka." Mpwa wetu si mtoto mkaidi. Pesa za matumizi alileta kila mwezi, na kila Ijumaa alipiga simu. Lakini aliona haya. Alikuwa mume akaaye katika nyumba ya mkewe, naye hakutaka mama yake aje azikute kuta zilizochunika. Alitaka amfikishe kwenye mlango wa nakshi na majlisi nyeupe. Na kwa ajili hiyo, mlango wa nakshi na majlisi ndivyo alivyotangulia kuvitengeneza.

Mwaka wa tatu dada yetu alianza kuangusha vikombe na kukosea ngazi. Daktari akamwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba dawa yaweza kukilinda kilichosalia, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Usiku ule alituita nyumbani kwake. Hakulia. Alituambia, "Mwambie mwanangu kwamba nilisema nataka kumwona yeye. Sikusema nataka kuona dari." Tukampigia simu mpwa wetu mbele ya mama yake, tukamfikishia maneno kama yalivyo. Baada ya majuma matatu, katika mwezi wa Januari, tulikuwa safarini, sisi na dada yetu.

Tulifika Sur baada ya Magharibi. Mpwa wetu alitupokea mlangoni, akambusu mama yake mikono na kichwa, kisha kwa ile haya iliyomjaa akaanza kumweleza nyumba: hapa pamekwisha, hapa patapakwa, pale patawekwa taa. Dada yetu alimsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Nionyesheni kibla na choo. Mengine mtanieleza kesho." Sote tukacheka, naye akacheka. Lakini choo kilikuwa ng'ambo ya ua, na uani kumejaa mawe, ndoo za chokaa na mbao. Kabla ya Alfajiri dada yetu aliamka kutawadha kama ilivyo ada yake, wala hakutaka kumsumbua mtu. Alikwenda akipapasa, akajikwaa kwenye rundo la boriti zilizoteremshwa, akaanguka na kuchubuka muundi wa mguu.

Tukaamka kwa kishindo. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa. Mkaza mwana wake alimkanda na kumfunga kitambaa, na mpwa wetu akakaa chini penye lile rundo akilia mbele yetu na mbele ya watoto wake. Mlango wa nakshi ulikuwa umesimama, na majlisi nyeupe kama maziwa. Lakini mama mwenye macho dhaifu hakuwa na njia ya kwenda kutawadha.

Siku ile hakuna fundi aliyegusa ukuta. Sisi, mpwa wetu, na vijana wawili wa jirani tulisafisha njia ya ua, tangu chumba cha dada yetu hadi chooni, upana wa watu wawili wapitao pamoja. Kisha mpwa wetu akanunua kamba sokoni, akaifunga ukutani kwa misumari, kwa kimo cha mkono wa mama yake, kutoka kizingiti cha chumba mpaka mahali pa kutawadhia. Penye daraja ya kushuka akapiga fundo, ili mkono ukigusa fundo mguu ujue. Kamba ile haikufika bei ya riyali moja. Tangu siku hiyo dada yetu akawa akienda na kurudi peke yake, usiku na mchana, wala hakujikwaa tena.

Usiku wa pili tulikaa na mpwa wetu na mkewe, tukazungumza nao kama mjomba azungumzavyo na wanawe. Tuliwakumbusha kwamba mgeni mtukufu kuliko wote katika umma huu alipokewa wakati wa ujenzi. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina alifikia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), akakaa kwake, kama wasimuliavyo wanahistoria, kiasi cha miezi 7, mpaka msikiti na vyumba vyake vilipomalizika kujengwa. Nyumba ya Abu Ayyub ilikuwa na orofa. Mtume (S.A.W.) alichagua kukaa chini, kwa kuwa ndiko kulikowafaa watu wanaomjia. Siku moja mtungi wa maji ukavunjika juu, na Abu Ayyub na mkewe wakayafuta maji kwa blanketi lao, nao hawana jingine la kujifunika, kwa hofu yasije yakamdondokea Mtume (S.A.W.). Kisha Abu Ayyub alimsihi mpaka akakubali kuhamia juu. Habari iliyotufikia ni ya mtungi na blanketi. Uzuri wa nyumba ile hatukusimuliwa.

Na msikiti wenyewe wa Mtume ulijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, nguzo zake zikawa magogo ya mitende, na paa lake makuti ya mtende. Mvua iliponyesha, ulivuja. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba usiku mmoja wa Ramadhani maji yalivuja msikitini, na baada ya sala ya Alfajiri athari ya maji na udongo ikaonekana katika uso wa Mtume (S.A.W.). Na humo ndimo walimopokewa wajumbe wa makabila. Wajumbe wa Thaqif walipokuja katika mwaka wa 9 wa Hijra, walipigiwa hema humo humo msikitini. Hatusomi popote kwamba waliambiwa wangoje mpaka paa lizibwe.

Mpwa wetu akauliza, "Lakini, mjomba, je, si ukarimu kumtengenezea mgeni mahali pazuri?" Tukamjibu: Naam, ni ukarimu, maadamu matengenezo hayamzuii mgeni kuja. Soma habari ya Nabii Ibrahim (A.S.) katika Sura ya Adh-Dhariyat, tangu aya ya 24 hadi ya 27. Walipomjia wageni asiowajua aliwajibu salamu, akaenda kwa watu wake pasina kelele, akaleta ndama aliyenona, akamsogeza karibu nao. Alitoa alichokuwa nacho, tena kwa upesi. Na imepokewa habari ya Salman al-Farisi (R.A.), ya kwamba alitembelewa na watu wawili, akawaandalia mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau Mtume (S.A.W.) hakukataza kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angejikalifisha kwa ajili yao. Mmoja wao akatamani kiungo cha kutia katika chumvi. Salman akaweka rehani chombo chake cha kutawadhia, akakileta kiungo. Walipokwisha kula, mgeni yule akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewakinaisha kwa riziki aliyowapa. Salman akamwambia kwamba lau angalikinai, chombo chake kisingalikuwa rehani. Basi hapa pana funzo kwa pande zote mbili: mwenyeji atoe alichonacho, na mgeni akinai kwa alichopewa.

Kutokana na mazungumzo yale tulipanga upya kazi ya nyumba, na mpango huo twauleta hapa huenda ukamfaa msomaji aliye katika hali kama ile. Kwanza, paa lisivuje, walau juu ya chumba kimoja. Pili, choo na njia yake, viwe safi na vipitike na mzee na mtoto, tena viwe na taa. Tatu, chumba kimoja chenye mlango ufungikao kwa ndani, maana stara ni haki ya mgeni, khasa mwanamke, na nyumba yenye mafundi ina watu wageni waingiao na kutoka. Nne, mahali safi pa kusalia, pasipo vumbi la chokaa wala matone ya rangi. Tano, kila chenye hatari kitengwe: chokaa hai, ambayo huunguza ngozi na macho, nyaya za umeme zilizo wazi, misumari iliyochomoza katika mbao. Mlango wa nakshi na majlisi vifuate baada ya hayo.

Katika nchi za joto kama ile, watu wana ada ya kulala juu ya sakafu ya nyumba nyakati za hari, na nyumba inayotengenezwa aghalabu ukingo wake umebomolewa. Abu Dawud amepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayomwonya alalaye juu ya nyumba isiyo na kizuizi, kwamba akifikwa na jambo hana wa kumlaumu. Mtu asiyeujua ukingo ulipokatika huamka usiku amesahau yupo wapi. Kwa hivyo tulifunga mlango wa ngazi kwa kufuli, na ufunguo akapewa mwenye nyumba.

Sasa twafika kwenye jambo la pili, ambalo huenda ni zito kuliko la kwanza. Tulikuwa huko siku ya nne, Alhamisi jioni, mara yakaja magari mawili kutoka Maskati: marafiki wa mpwa wetu, watu wanane, wamekuja kukaa siku zao za mapumziko na kwenda kutazama kasa watagapo mayai katika pwani ya Ras al-Jinz, isiyo mbali na Sur. Hawakutoa habari kabla. Tukafahamu kwamba hii ni ada yao. Huingia majlisini, hula, hulala humo humo, wala hawajui hali ya upande wa nyuma. Huko nyuma mke wa mpwa wetu alikuwa akipika kwa jiko moja, katika jiko lisilo na dirisha, baada ya kutwa nzima ya kufuta vumbi na kuangalia watoto. Saa sita za usiku tulipokwenda kutafuta maji ya kunywa tulimkuta amelala kitako penye sufuria, na mwiko ungali mkononi.

Basi tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Mama aliambiwa angoje miaka mitatu kwa sababu ya haya, na marafiki hawakuambiwa neno kwa sababu ya haya hiyo hiyo. Mwenye haki kubwa alizuiwa, na asiye na haki ila ya siku chache alifunguliwa bila ya mpaka, na gharama ya yote ikabebwa na mgongo wa mwanamke mmoja, tena katika nyumba iliyo mali yake mwenyewe.

Dini yetu haikutuacha bila ya mwongozo katika hili. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumkirimu mgeni, na katika hadithi ya Abu Shuraih (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametubainishia kwamba takrima yake khasa ni mchana na usiku mmoja, na ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka akamtia katika dhiki. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe, na kwamba tukiambiwa turudi, turudi, na hilo ndilo safi zaidi kwetu. Na katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 53, waumini waliambiwa watawanyike wakisha kula, wasikae kwa ajili ya mazungumzo, maana jambo hilo lilikuwa likimuudhi Mtume (S.A.W.) naye akiona haya kuwaambia. Ikiwa aliye bora wa viumbe alikuwa akiona haya, mwenyeji wa leo atasemaje? Kwa hiyo yampasa mgeni ajiambie mwenyewe kabla ya kuambiwa. Na yampasa mwenyeji ajue kwamba kusema, "Leo hatuwezi, njooni wiki ijayo," si ubakhili.

Asubuhi mpwa wetu alikaa na rafiki zake akawaeleza hali ilivyo bila ya kuficha. Kisha akawachukua akawapitisha nyuma, wakaliona jiko na ule ua. Walinyamaza. Mmoja wao, mtu mzima, alisema, "Ndugu yetu, mbona hukutwambia?" Siku ile ile wawili wakatengeneza nyaya za umeme za jikoni, kwa kuwa ndiyo kazi yao, na chakula cha mchana wakakileta wao kutoka sokoni. Wakaagana kwamba tangu sasa watakuja mara moja kwa mwezi, watatoa habari kabla, watafika na chakula chao, na wakilala watalala usiku mmoja. Urafiki haukupungua kwa hayo. Sisi tuliona umezidi.

Naye mpwa wetu tulimkumbusha hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Tukamwambia: Wewe ndiye uliyewaita wageni, basi kuosha vyombo vya wageni si aibu kwako. Aliinuka akaviosha. Watoto wake wa kiume walimtazama kwa mshangao, kisha mkubwa wao akaja kusuuza.

Ama sisi wenyewe, tulikaa siku kumi. Wahenga wetu wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko hapakuwa na jembe, palikuwa na chekeche ya chokaa. Asubuhi tulisomesha watoto Juzuu Amma, na baada ya Alasiri tulichekecha chokaa pamoja na vijana. Mgeni wa nyumba inayotengenezwa ana nafasi ya thawabu ambayo mgeni wa nyumba iliyokwisha hanayo, maana kila akigeuka ataona kazi inayomfaa mkono wake. Mwenye ufundi asaidie kwa ufundi, mwenye nguvu kwa nguvu. Asiye na hili wala lile na atazame watoto saa mbili, mama yao apate kulala. Na mgeni asihesabu kasoro za nyumba mbele ya mwenyewe, kwani mwenyewe anazijua zote.

Siku moja kabla ya safari ya kurudi, dada yetu aliketi uani juani, karibu na lile rundo la boriti lililomwangusha. Akaipapasa moja kwa kiganja, tangu ncha hadi ncha. Akasema, "Hii ni ya kwetu." Sisi tulizaliwa Lamu, na yeye katika utoto wake aliziona boriti zimepangwa ufuoni zikingoja majahazi, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkaza mwana wake akaja akaketi karibu, akaanza kumweleza habari za babu yake na safari zake za Lamu na Mombasa, jinsi alivyorudi na maneno ya Kiswahili akawafundisha watoto wa nyumba ile. Wakazungumza mpaka adhana ya Adhuhuri, mara kwa Kiswahili, mara kwa kuashiria kwa mikono. Mpwa wetu alikuwa amesimama kizingitini akisikiliza. Lau mama yake angalingoja mpaka nyumba ikaisha, rundo lile lingalikwisha ondolewa, na macho yake pengine yangalikwisha kabisa. Alikuwa bado aweza kutambua sura ya mwanawe akimsogelea karibu, na hilo ndilo alilolifuata.

Nyumba ile, hadi tunapoandika haya, haijakwisha. Chokaa ya upande wa magharibi ingali yapigwa. Kamba ipo ukutani, wala mpwa wetu hakusudii kuiondoa, kwa kuwa mama yake atarudi baada ya Ramadhani, inshaallah, na safari hii hakuna aliyemwambia angoje.

Ndugu zetu wasomaji, khasa ninyi vijana mlioko ughaibuni, kila mmoja na ajiulize ni nani aliyemwambia "bado kidogo." Ikiwa ni baba au mama, basi leo kabla ya kulala mpelekee salamu umwambie njia i wazi. Safisha kwanza njia ya kwendea kutawadha, kisha mkaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, zilizokwisha na zisizokwisha, kuwa nyumba za utulivu, atusamehe tulipowachelewesha wazazi wetu, na atupe wageni wenye huruma na sisi atujaalie wenyeji wenye nyuso za bashasha. Amin.

Wabillahi tawfiq.